Kigumu Huvunja Jino, Laini Huziba Utumbo: Kumchagulia Kitu cha Kutafuna Mbwa Mwenye Taya Kali

Uvimbe ulianza chini ya jicho la kulia la mbwa wangu, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji niliyemlea Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na kwa siku mbili nilidhani kwamba ameumwa na nyuki. Siku ya tatu daktari wa mifugo aliinua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, akanionyesha gego kubwa ambalo upande wake wa nje ulikuwa umebanduka kama ganda la yai lililochemshwa, na katikati ya sehemu iliyobaki palikuwa na kitone cheusi kisichozidi kichwa cha pini. Kitone hicho kilikuwa kiini cha jino, mahali penye neva na mishipa ya damu, na kilikuwa kimekaa wazi kwa majuma kadhaa bila mimi kujua, kwa kuwa mbwa huyo hakuacha kula hata siku moja. Kilicholivunja jino ni pembe ya ng'ombe niliyoiomba buchari kwa mikono yangu mwenyewe, nikiamini kwamba kitu ambacho mbwa hawezi kukimaliza ndicho kitu salama.

Imani hiyo wanayo watu wengi, na inaeleweka kabisa. Mtu aliyenunua kichezeo asubuhi akakikuta jioni kimekuwa vumbi la plastiki hutafuta kingine kigumu zaidi, na muuzaji naye humsifia bidhaa yake kwa kusema kwamba haivunjiki. Tatizo ni kwamba kinywa cha mbwa anayetafuna kwa nguvu kina hatari mbili zinazovutana. Kitu kigumu mno hubaki kizima huku jino likipasuka, na kitu laini mno hukatika vipande, navyo vipande huishia kooni au tumboni. Kilicho salama kiko katikati, katika eneo jembamba kuliko tunavyodhani, na eneo hilo hubadilika kutoka mbwa mmoja hadi mwingine.

Tuanze na jino, kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya mtu mzima, na taya lake hufunguka na kufungwa kama bawaba ya mlango, bila kusogea sana kando kama la ng'ombe anayecheua. Kila upande wa kinywa una jino moja kubwa la juu linalopishana na jingine la chini kama makali mawili ya mkasi, na hapo ndipo mbwa hupeleka kitu anapotaka kukivunja, kwa sababu pako karibu na bawaba na nguvu ya taya ni kubwa kuliko ilivyo mbele kwenye chonge. Meno hayo yaliumbwa kukata nyama, mishipa na ngozi, vitu vinavyokubali kukatwa. Mbwa akiweka hapo kitu cha mviringo kisichobonyea, nguvu yote hurudi kwenye ncha ya jino, na kwa kuwa enameli ya mbwa haifikii unene wa milimita moja, ilhali ya binadamu hufika karibu milimita mbili na nusu, jino la juu hupasuka kwa urefu na ubavu wake wa nje hubanduka. Bakteria huingia kwenye kiini, usaha hujikusanya kwenye mizizi, na kwa kuwa mizizi ya jino hilo iko chini kidogo ya jicho, uvimbe hutokea mahali ambapo hakuna mtu anayefikiria jino. Jino lenyewe lina mizizi mitatu, kwa hiyo kuling'oa ni upasuaji wa kumlaza mbwa kwa dawa ya usingizi na kulikata vipande kwanza.

Kwa sisi wa Bonde la Ufa kuna jambo la kuongezea hapa. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi, na ndiyo sababu watu wengi waliokulia huku wana meno yenye madoa ya kahawia. Mtoto wa mbwa anayekunywa maji hayo wakati enameli ya meno yake ya kudumu bado inaundwa anaweza kudhurika kwa njia iyo hiyo, na enameli iliyodhurika sana huwa na vishimo na hukatika kwa urahisi zaidi. Mimi sasa nawapa watoto wa mbwa maji ya mvua katika miezi yao ya kwanza, na mbwa yeyote mwenye meno yenye madoa namhesabu kuwa mwenye meno dhaifu.

Namna ya kupima ugumu haihitaji chombo chochote. Bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa kidole gumba; ukucha usipoacha alama hata kidogo, wala kitu chenyewe kisibonyee na kurudi, ni kigumu kupita jino. Kipimo cha pili, ambacho madaktari wa meno ya wanyama hupenda kukitaja, ni cha goti: kama usingekubali kugongwa nacho kwenye pia ya goti, usimpe mbwa akitafune. Ukitumia vipimo hivi viwili utaona kwamba vitu vingi tunavyowapa mbwa kwa nia njema vinaanguka. Pembe inaanguka, kwato inaanguka, nailoni ngumu iliyotengenezwa kwa umbo la mfupa inaanguka, na barafu kutoka kwenye friza pia. Mawe hayahitaji kupimwa, ila wapo mbwa wanaoyatafuna kwa sababu hawana kitu kingine, na uani kwao huwa pamejaa kokoto.

Mifupa inastahili maneno yake, kwa maana hakuna nyumba ya mfuga mbwa ambako haitupwi. Mfupa uliochemshwa au kuchomwa hukauka na kupasuka kuwa vibanzi vyenye ncha, vinavyoweza kuchoma koo, tumbo au utumbo, na mifupa ya kuku ni mibaya zaidi kwa kuwa ni myembamba. Mfupa mbichi haupasuki hivyo kwa urahisi, na hapo ndipo watu huhitimisha kwamba mbichi ni salama. Lakini mfupa mbichi wa paja la ng'ombe unaweza kulivunja gego vilevile kama pembe ile ilivyolivunja la mbwa wangu. Tena mara nyingi mifupa ya buchari huja na mabaki mengine. Mapafu au maini mabichi yenye malengelenge ya maji yasipewe mbwa hata siku moja, kwa kuwa hubeba tegu wa Echinococcus, ambaye hukua ndani ya utumbo wa mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kumwambukiza binadamu, hasa watoto wanaocheza na mbwa huyo na kula bila kunawa.

Upande wa pili ni wa vitu laini, na huku magharibi mwa Kenya hatari kubwa haitoki dukani. Inatoka jikoni na barabarani. Gunzi la mahindi ndilo la kwanza kwa ubaya. Msimu wa mahindi unapofika, kuanzia Nakuru hadi Kitale kila kona ina jiko la mahindi ya kuchoma, magunzi hutupwa kando ya njia yakiwa bado na harufu ya moto na chumvi, na mbwa huyaokota kama zawadi. Gunzi lina ladha ya chakula lakini utumbo hauwezi kulimeng'enya. Mbwa mwenye taya kali hulikata vipande viwili au vitatu na kuvimeza bila kutafuna zaidi, na kipande kimoja kinaweza kukaa tumboni siku nyingi bila kuleta shida, kisha siku moja kikateremka kwenye utumbo mwembamba na kukwama kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Kokwa ya parachichi na kokwa ya embe hufanya vivyo hivyo, na huko Kisumu, ambako nyua nyingi zina mwembe, mwenye mbwa mmezaji analazimika kuokota kokwa kila asubuhi wakati wa msimu. Najua ni kazi, lakini ni nyepesi kuliko upasuaji wa utumbo.

Kisha kuna kamba na nyuzi, ambazo naona hazipewi uzito unaostahili. Wanaoishi karibu na Ziwa Victoria, katika fuo kama Dunga, huwapa mbwa vipande vya nyavu chakavu au kamba za mashua wavutevute, na madukani nako kuna vichezeo vya kamba zilizosukwa. Kamba hiyo ni nzuri kwa mchezo wa kuvutana mkiwa wawili, wewe na mbwa, na kuiweka juu mchezo ukiisha. Akiachiwa peke yake, mbwa hung'oa nyuzi moja moja na kuzimeza. Ncha moja ya uzi hunasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, ncha nyingine huburutwa na utumbo unaoendelea kufanya kazi yake ya kusukuma, na utumbo wenyewe huanza kupanda juu ya uzi na kujikunja kama kiuno cha suruali kinavyokunjamana ukivuta kamba yake. Uzi uliokazwa namna hiyo hukata ukuta wa utumbo kama msumeno. Nyavu zina hatari ya ziada, kwani mara nyingine ndoano huwa imebaki ndani.

Tairi nalo lina sifa ambayo halikuistahili. Kwa kuwa akala, yaani viatu vya tairi, hudumu miguuni miaka, watu huamini kwamba kipande cha tairi kitadumu kinywani, na kweli hudumu, lakini ndani ya mpira huo kuna tabaka za nyuzi na waya za chuma ambazo hujitokeza kadiri mpira unavyokwisha. Waya moja nyembamba ikiingia kwenye ufizi au ikamezwa, mbwa hawezi kukueleza. Vidubu vya mitumba, vile vya manyoya vinavyouzwa kwa bei ya chini pale soko la Kibuye, Kisumu, vina macho ya plastiki, pamba ndani na wakati mwingine kifaa kidogo cha kulia, na mbwa wa aina tunayoizungumzia hapa hukifikia kifaa hicho ndani ya dakika chache. Mpira wa tenisi una kasoro mbili kwa wakati mmoja: manyoya yake hushika mchanga na kuyasaga meno kama msasa, nao ukipasuka nusu mbili, nusu moja humezwa. Utumie kurusha na kurudishiwa, kisha uuweke mfukoni.

Vijiti vya ngozi ghafi vilivyofungwa mafundo, ambavyo huuzwa katika supamaketi nyingi, hulainika kwa mate na kuvutika, na mbwa mwenye pupa humeza fundo zima likaenda kuvimba tumboni. Mabaki ya viwanda vya ngozi hayafai hata kwa kujaribu, kwa kuwa ngozi nyingi hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu.

Baada ya kukataa vitu vingi hivyo, ni haki msomaji aulize kinachobaki. Kinachobaki, kwa maoni yangu, ni mpira mzito wenye uwazi ndani. Miaka ya 1970 huko Colorado, Marekani, Joe Markham alikuwa na German Shepherd aitwaye Fritz, mbwa mstaafu wa polisi aliyekuwa akiyaharibu meno yake kwa kutafuna mawe. Siku moja Markham alipokuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa huyo alichukua kipande cha mpira cha mfumo wa springi na kukikatalia, na kutokana na umbo la kipande hicho ndipo vilipozaliwa vichezeo vya KONG, ambavyo kampuni yake ilianzishwa mwaka 1976. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kilichokuwa kikitafutwa tangu mwanzo: kitu kinachobonyea chini ya jino na kurudi katika umbo lake, kisichokuwa jiwe wala pamba. Kampuni hiyo hutofautisha ugumu kwa rangi, nyekundu kwa mbwa wa kawaida na nyeusi kwa watafunaji wakali, ingawa mbwa mzee au mwenye jino lililowahi kupasuka ningempa nyekundu hata kama ana taya la chui. Wapo watengenezaji wengine wa mpira mzito, na kipimo cha ukucha hufanya kazi kwa wote.

Ukubwa ni muhimu sawa na ugumu. Kitu chochote kinachoweza kupita nyuma ya chonge kinaweza kuteleza hadi kooni, na mpira laini ndio hatari zaidi kwa sababu hubonyea wakati wa kupita kisha hujitanua ukishafika ndani, na kuziba njia ya hewa. Nunua ukubwa unaoonekana kupita kiasi kidogo. Kama kichezeo kina uwazi, hakikisha kina matundu mawili, moja kila upande, kwa sababu chenye tundu moja kinaweza kuunyonya ulimi wa mbwa anayelamba ndani na kuushika usitoke. Ndani ya nyumba moja yenye mbwa wawili, mkubwa na mdogo wa aina ya Japanese Spitz kwa mfano, vichezeo vichaguliwe kwa kinywa cha mkubwa na kila mmoja apewe mahali pake, kwa maana anayehofia kunyang'anywa humeza haraka.

Usitegemee maandishi ya pakiti. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2008 iliweka mipaka ya risasi na baadhi ya kemikali za kulainisha plastiki katika vichezeo vya watoto, lakini vichezeo vya mbwa havimo katika sheria hiyo. Neno "salama" juu ya pakiti, basi, ni kauli ya muuzaji. Plastiki yenye harufu kali ya rangi au mafuta ya taa iache dukani, na kitu kinachoacha rangi kwenye kitambaa cheupe kilicholoweshwa kitaacha rangi hiyo hiyo ndani ya mbwa.

Hata kichezeo kizuri hakitatosha kama hatujui ni kwa nini mbwa anatafuna. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na kati ya mwezi wa nne na wa saba hivi hung'oka na kuachia ya kudumu. Katika kipindi hicho ufizi humuwasha, na anahitaji mpira laini zaidi au kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kidogo, akiwa chini ya macho yako. Mbwa mzima ana sababu nyingine. Wengi wetu hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, tukamfungia kibandani kuanzia alfajiri hadi jioni na kumfungulia usiku, na mnyama aliyeumbwa kutembea na kunusa hukaa saa kumi na mbili bila kazi. Atatafuna mlango, bakuli na ukuta, na ukimtupia pembe ataitafuna kwa ghadhabu ya mfungwa. Ghadhabu hiyo ndiyo inayovunja meno.

Kwa hiyo mimi hutumia kichezeo chenye uwazi kumlisha. Chukua ugali uliopoa, uchanganye na omena (dagaa) waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ushindilie ndani ya mpira na kuuweka kwenye friji usiku kucha. Kitunguu ni sumu kwa damu ya mbwa, kwa hiyo mabaki ya mchuzi hayafai. Siagi ya karanga inafaa kwa kuziba mdomo wa tundu, mradi usome pakiti na kukataa yenye sukari mbadala iitwayo zailitoli (xylitol), ambayo hushusha sukari ya mbwa ghafla na inaweza kumuua. Asubuhi anapopewa mpira huo utaona jambo la ajabu: kwa nusu saa ya kwanza hatafuni kabisa, analamba, anausukuma kwa pua, anaudondosha ili chakula kitoke. Nguvu ya taya imegeuka kuwa kazi ya ulimi na akili, na jino limepumzika.

Kichezeo kipya chochote nampa mara ya kwanza nikiwa nimekaa barazani, gazeti limetandazwa mbele yangu. Baada ya dakika ishirini naokota kila kilichobanduka, nakipanga juu ya gazeti na kujaribu kukirudisha kwenye pengo lake. Vijichembe vidogo kuliko punje ya mchele havinitii wasiwasi. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kikitoka, au pengo likikosa kipande chake, kichezeo hicho hakirudi kinywani tena, hata kama bei yake bado inaniuma. Kwa njia hii utajua pia mbwa wako ni wa aina gani: yupo anayesaga polepole kwa magego ya nyuma, ambaye hatari yake ni jino, yupo anayekishika kitu kwa miguu ya mbele na kung'oa vipande, ambaye mpira mwembamba haumfai, na yupo anayemeza kila anachokipata, ambaye hafai kuachwa peke yake na kitu chochote kinachoweza kukatika.

Inua mdomo wa mbwa wako mara moja kwa juma, uangalie meno makubwa ya nyuma pande zote mbili. Ubavu uliobanduka, kitone chekundu au cheusi katikati ya jino, mate mengi, kutafuna kwa upande mmoja au uvimbe chini ya jicho vyote vinampeleka kwa daktari wa mifugo. Mbwa anayetapika mara kwa mara, anayekataa chakula, asiyepata choo au anayekunja mgongo ukimgusa tumbo huenda utumbo wake umeziba, na hapo saa zina thamani. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au mkunduni usiuvute, kwa sababu hujui umezunguka wapi ndani, na usimtapishe aliyemeza kitu chenye ncha. Chukua kilichobaki cha kile alichokuwa akitafuna, hata kama ni nusu ya gunzi lililojaa udongo, uende nacho. Gunzi na mpira mara nyingi havionekani wazi kwenye picha ya eksirei kama mfupa au waya, na kipande ulichokishika mkononi ndicho kitakachomwonyesha daktari anatafuta nini.